Chini ya Mstari wa Maji

9 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila hodi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Baba yako mzima. Amepata miwani mipya na sasa anatusomea gazeti kwa sauti, kana kwamba sisi wengine hatukwenda shule. Shangazi yako mkubwa mzima wa afya na wa ulimi. Jana alipita hapa, akanikuta nimeshika pedi ya gemu, akasema haya ndiyo ya dunia, mstaafu wa serikali, miaka sitini na sita, anabonyeza vitufe kutwa nzima. Sikumjibu. Ukimjibu dada yangu unakuwa umemkaribisha aketi.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Simu ni ya kuulizana nani kafa na nani kaoa. Mengine yanataka karatasi.

Unajua Jumamosi saa tisa alasiri sebule yangu huwa si yangu. Anakuja fundi baiskeli tunayemwita Spoki, anakuja nesi wa zahanati, anakuja mwalimu wa hesabu, na tunacheza Nchi ya Kimya kwa zamu. Ya kwanza, ya pili na ya tatu tumezimaliza kila moja si chini ya mara nne, maana katika gemu hii kila anayecheza anajichagulia awe mtu wa namna gani. Dunia imekwisha, watu wameondoka, umebaki wewe msafiri na wachache waliojificha. Spoki kila mara anakuwa mwizi. Nesi kila mara anakuwa mtu mwema, halafu analia. Mimi natembea tu, nahesabu hatua na kuchora ramani. Kazi ya kupima ardhi miaka thelathini na minane haitoki mwilini kwa barua ya kustaafu.

Miaka kumi na moja tumengoja ya nne. Na juzi studio unayofanyia kazi imetoa kile kipande cha dakika moja cha kuitangaza.

Unakumbuka lile ziwa. Katika gemu zote tatu ukipanda kilima cha mwisho unaliona kwa mbali, na huwezi kulifikia. Njia imefungwa na mawe yaliyoporomoka. Dunia nzima imeshindana kubuni kuna nini chini yake. Basi kwenye sekunde ya arobaini ziwa likatokea, na kwenye miamba nikaona ule utepe mweupe ambao maji huuacha yakishuka. Nikasimamisha picha. Pembeni pana kibanda cha pampu, na mlango wa kawaida ni mita mbili. Nikaweka rula juu ya kioo, nikapima, nikawaambia: maji yameshuka mita tatu na nusu. Mwalimu wa hesabu akapima tena, akapata vilevile, akavua kofia.

Tukaandika tunayoyatarajia. Spoki anataka ule mshale unaoelekeza njia uondolewe, tuachwe tupotee kama watu wazima. Nesi anataka vidonda visipone kwa dakika moja. Mwalimu anataka ziwa likauke lote, tushuke mpaka chini, na huko chini kuwe na kitu kinachostahili miaka kumi na moja. Hilo la mwisho tulilitia sahihi sote.

Sikuulizi kitu. Najua umetia sahihi makaratasi ya siri. Nakuarifu tu kwamba huku kuna watu wanangoja, na hawangoji kama mtu anavyongoja basi. Wanangoja kama mtu anavyomngoja wa kwao.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako imefika salama, imelowana pembe moja tu. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile, dirisha linatazama ukuta wa jirani, ila nimepata kiti kisichouma mgongo. Mwambie baba asome gazeti polepole, asije akalimaliza kabla ya saa nne akakosa la kufanya. Shangazi mkubwa mpe shikamoo zangu mbili, moja ya leo na moja ya akiba.

Ile habari ya rula niliisoma kwenye ngazi za kazini. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Kazi yangu unaijua: natengeneza ardhi. Vilima, mitaro, kingo za barabara, kila mahali ambapo mguu wa mchezaji utakanyaga. Ninaitengenezea nini, hilo siwezi kusema hata kwako wewe uliyenipa pedi mkononi nikiwa na miaka tisa.

Lakini la ukuta naweza kulisema. Kwenye korido yetu wamebandika barua za wachezaji, kutoka kila pembe ya dunia, mpaka rangi ya ukuta haionekani. Kuna mama aliyeandika kwamba mwanawe alijua kusoma kwa kusoma mabango ya ule mji wa gemu ya pili. Kuna dereva wa lori ambaye kila mwaka anatuma mchoro wa chini ya ziwa. Michoro kumi na mmoja, hakuna unaofanana na mwingine, na kila mmoja ni mzuri kuliko nitakaoweza kuchora mimi. Kila asubuhi napita hapo nikienda mezani kwangu na miguu inakuwa mizito. Watu hawa wamekwisha kuijenga vichwani mwao, Shangazi. Sisi tunawafuata nyuma tukihema.

Nina swali, ulichukulie kuwa ni la mtoto kwa shangazi yake. Bwawa lililotengenezwa na watu likikauka, chini kunabaki nini? Kwa nini nauliza, usiniulize.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua zimeanza, goti lilikuwa limekwisha kuniambia. Nesi amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo Jumamosi anakuja na sare yake na kusinzia kwenye kochi. Spoki ameongeza matarajio mawili: anataka baiskeli iwepo kwenye gemu, na anataka iwe inaharibika, ili watu wajue fundi ni nani.

Uliuliza chini ya bwawa kuna nini. Kuna matope.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Natumaini kimya chako ni cha posta. Nilikupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua, mara ya pili habari za mvua iliyopita. Hujawahi kunijibu kwa sentensi moja tangu nizaliwe. Hata nilipokuuliza mwezi unakwenda wapi mchana ulinichorea picha tatu.

Mimi mzima wa mwili. Kazini si kuzuri. Wakubwa wanataka kitu kikubwa. Wakisema kikubwa wananyoosha mikono hivi, kama wavuvi. Mmoja anataka jitu la chuma lililolala. Mwingine anataka mji wa dhahabu. Nimejenga mara sita na mara sita nimefuta mwenyewe kabla hawajaniambia, kwa sababu kila nikimaliza naona kitu cha plastiki. Siwezi kukuambia ni kitu gani. Nakuambia tu kwamba watu wengi mno wanatazama mahali pamoja, na mahali hapo nimepewa mimi, na sina kitu mkononi.

Nilimlalamikia baba. Akasema, muulize shangazi yako, kazi aliianzia kwenye bwawa. Halafu akakohoa, akaanza habari za bei ya saruji. Shangazi, baba hajawahi kununua saruji maishani mwake.

Kama nimegusa pasipoguswa, nisamehe. Sitarudia kuuliza.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Salamu. Sote wazima. Baba yako amekiri kwamba ni yeye, nimemsamehe nusu.

Nilikuandikia kwamba chini ya bwawa kuna matope. Si uongo, ila ni jibu la mtu anayefunga mlango. Leo naufungua, nawe usome ukiwa umekaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, miezi minne kazini, mwanamke peke yangu katika kikosi cha watu tisa. Bwawa lilikuwa linajengwa, na kazi yetu ilikuwa kuweka mstari wa maji. Ni kazi nyepesi kuieleza. Unajua maji yatafika kimo gani. Basi unalizunguka bonde zima ukikitafuta kimo hicho ardhini, na kila unapokipata unapiga kigingi chenye kichwa cheupe. Aliye juu ya vigingi anabaki. Aliye chini anahama. Na huko chini unaingia nyumba moja baada ya nyingine, unapima kimo cha sakafu, unapiga kigingi chenye namba uani, unaandika daftarini, unakwenda zako.

Bondeni kulikuwa na kijiji cha nyumba sitini na tatu, kinu kimoja, shule ya madarasa manne na kisima cha maji matamu. Nyumba ya hamsini na mbili ilikuwa ya dada yangu. Ndiyo, shangazi yako mkubwa. Ndiko alikoolewa.

Mkuu wa kikosi hakujua. Ningesema, angempa mwingine upande ule. Sikusema. Niliogopa wataniambia, unaona, mwanamke kazi imemshinda. Nikangoja siku ya soko. Dada hayupo, shemeji yuko shambani. Nikaingia uani na darubini yangu ya kupimia na mtu wa kunishikia ubao wa vipimo. Sakafu yake ilikuwa mita sita na sentimita ishirini chini ya mstari. Nikapiga kigingi namba hamsini na mbili kando ya jiko. Moto ulikuwa bado mzima chini ya majivu. Nikaondoka kabla hajarudi.

Umeisikia tangu utotoni ile habari dada anayoisimulia kila ukoo unapokutana, ya mwizi wa siku ya soko aliyempigia kigingi akiwa hayupo, mtu asiye na uso wa kumtazama mwenye nyumba. Watu hutikisa vichwa, humlaani mtu yule. Mimi huwa nimekaa palepale, natikisa kichwa pamoja nao. Miaka arobaini na moja.

Sasa nikujibu. Miaka saba baada ya maji kujaa ulikuja ukame, bwawa likashuka mpaka chini, nami nikatumwa kukagua ukuta wake. Nilisimama ukingoni. Kuta za udongo zilikuwa zimeyeyuka, milango na mabati watu waliondoka navyo. Lakini sakafu zilikuwepo. Vizingiti vilikuwepo. Barabara ilikuwepo, maana ardhi iliyokanyagwa na vizazi vinne haisahau upesi. Kijiji chote kimelala pale, ramani yenye ukubwa wa kijiji chenyewe. Niliweza kuona nani alikuwa jirani ya nani, na nani alipanua jiko baada ya kuzaa. Hakuna kilichopita kimo cha goti, na sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, si kabla wala baada. Nilishika kofia mkononi kama niko msibani. Sikuthubutu kushuka.

Daftari langu la kazi ile nakutumia pamoja na barua hii. Vimo vya sakafu zote sitini na tatu, umbali wa nyumba na nyumba, na kurasa za mwisho ni vilima vinavyozunguka bonde. Mwandiko ni wa msichana mwenye hofu, lakini vipimo ni sahihi. Hilo tu ndilo ninaloweza kuapia.

Shangazi yako


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na leo ni shikamoo ya kupiga magoti.

Mimi mzima. Daftari limefika, halikuchanika hata karatasi moja. Nililiweka juu ya kabati wiki nzima, nikawa nalitazama kama mgeni ambaye hujui utampikia nini. Kisha nikalichukua kazini, nikaanza kuingiza namba zako kwenye kompyuta. Kwa ajili ya nini, sisemi. Mtu anaruhusiwa kuingiza namba kwenye kompyuta.

Sikubuni chochote. Kimo ulichoandika nikaweka, umbali ulioandika nikaweka. Siku ya nne nikaona jambo ambalo sijui nilielezeje. Njia zilijitokeza. Kutoka kila nyumba kwenda kisimani kuna mahali ambapo mteremko unamhurumia mtu aliyebeba ndoo, na ukiachia macho yako yashuke, yanapita hapohapo. Sikuzichora njia hizo. Nilizikuta. Nikaondoa mikono kwenye meza, nikaogopa, ile hofu ya kuingia nyumba ya ibada mchana ikiwa tupu.

Mkuu wangu alikuja na kikombe chake cha chai, yuleyule wa jitu la chuma. Akasimama nyuma yangu. Akasimama mpaka chai ikapoa. Halafu akauliza, "Hawa ni akina nani?" Hakusema hiki ni nini, Shangazi. Alisema hawa.

Wameniambia niendelee. Nimesimama. Hizi ni sakafu za watu, na mwenye mojawapo namwamkia kila mwaka mpya. Siwezi kuuchukua ua wake akiwa hayupo, ikawa mara ya pili. Nahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo si yako kunipa. Najua ninalokuomba. Kama haiwezekani, niambie, nitafuta vyote na sitauliza tena.

Mwanao


4 Oktoba

Mwanangu,

Hatujambo, ingawa mwaka huu neno hilo limekuwa zito.

Wiki tatu nilitafuta sababu za kutokwenda. Goti. Mvua. Goti tena. Hatimaye asubuhi moja nikatoka bila kunywa chai ili nisipate muda wa kubadili nia. Dada nilimkuta barazani anakunja nguo zilizokauka. Nikakaa, tukaulizana habari za usiku, nikamsaidia kukunja shuka. Nikamwambia nina neno. Akasema, sema, neno halikunjwi.

Nikasema, "Yule mwizi wa siku ya soko ni mimi."

Hakuinua kichwa. Alikunja gauni, akakunja taulo, akazipanga zote mpaka rundo likakaa sawa. Nilidhani hakunisikia. Ndipo akauliza, "Ulikunywa maji?"

Sikuelewa.

"Kwenye mtungi wangu, mlangoni. Nilikuta kikombe kimegeuzwa. Nilimwambia shemeji yako, mwizi huyu alikuwa na kiu."

Mwanangu, nilikuwa nimesahau. Siku ile jua lilikuwa kali. Nilikunywa vikombe viwili. Nikamwambia ndiyo, nilikunywa.

Akasema, "Nenda kwako."

Nikaenda. Habari zako sikuzisema, hakukuwa na nafasi ya kuzisema. Nilimwandikia karatasi, nikampa baba yako ampelekee: mtoto anajenga nini, kwa ajili ya nini ninavyodhani mimi, na kwamba hataendelea bila yeye kukubali. Wiki nyingi zikapita. Dada hakupita nyumbani kwangu, wala hakunisema kwa watu, na hilo la pili ndilo lililonitisha. Anaponisema najua ninaishi.

Jumapili iliyopita baba yako alikuja na jibu, ameandikiwa yeye. Alisimama katikati ya sebule akalisoma kwa ile sauti yake ya gazeti. Nakunakilia:

"Mwambie mtoto ajenge. Majina ya watu asiyaweke, wenyewe hawapo kuyaitikia. Na uani kwangu asipigane mtu, wala kwa jirani zangu. Sisi tulitoka pale bila kumpiga mtu yeyote. Wasije wageni na bunduki. Na dada yako mwambie sijamaliza."

Hilo la mwisho ni langu. Mengine ni yako.

Shangazi yako


12 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, nimekonda kidogo, usimwambie baba. Zawadi ya soksi imefika na nimeivaa hapa nikiandika.

Sasa yametangazwa, kwa hiyo naweza kuyaandika. Ndiyo, ni Nchi ya Kimya ya nne. Ndiyo, ziwa limekauka. Mchezaji atashuka mpaka chini, na akivuka vigingi vyeupe silaha yake inashuka yenyewe na haifyatuki mpaka atakapopanda tena. Hakuna adui, hakuna hazina.

Tulibishana siku tatu. Walisema wachezaji wamengoja miaka kumi na moja, huwezi kuwaleta mpaka pale ukawanyang'anya bunduki. Walileta hesabu, walileta michoro. Mimi sina michoro. Nilisema, "Mwenye nyumba amekataa." Wakauliza mwenye nyumba gani. Nikawaambia, yupo, ana miaka sabini na minne, sakafu ni yake. Mkuu wangu akafunga kitabu chake, akasema basi.

Umeona yaliyofuata. Watu laki moja na zaidi wametia sahihi kutaka silaha zirudishwe. Wananiita mharibifu, bila kunijua jina. Yule dereva wa lori hajaandika mwaka huu. Napita kwenye ule ukuta nikiinamisha kichwa. Shangazi, kama nimekosea, nimekosea mbele ya watu wote walioipenda kuliko mimi. Spoki anasemaje? Niambie ukweli.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza nakusalimu kwa niaba ya watu wawili. Goti linauma. Baba yako anaposoma gazeti sasa anaruka kurasa zote mpaka afike palipoandikwa habari za gemu yako.

Uliomba ukweli. Spoki alisema atauza mashine yake ya gemu, na kwamba gemu isiyo na bunduki ni matembezi ya wagonjwa. Alilisema hilo Jumamosi tisa mfululizo. Siku ilipotoka alikuwa wa kwanza mlangoni, saa saba, akidai saa yake inakwenda mbele.

Tulipiga kura, zamu ya kwanza ikamwangukia yeye. Akapanda kile kilima. Yale mawe hayapo. Njia iko wazi, inashuka. Akashuka mpaka kwenye vigingi, akavuka, bunduki ikashuka. Nikaona anabonyeza bonyeza, haikubali. Akaingia nyumba ya kwanza akitafuta cha kuiba, maana hiyo ndiyo tabia yake, akaingia ya pili, akaingia ya tatu. Nyumba ya tano akaacha kutafuta. Alianza kupita vizingitini, akizunguka ili asikanyage mahali palipokuwa ukuta. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nesi alikuwa anahesabu sakafu kwa sauti ya chini, na alipofika sitini na tatu akanitazama, nami nikatazama dirishani. Mwalimu wa hesabu aliuliza kama anaweza kukaa chini. Alikuwa amekwisha kukaa.

Ukiacha lile la ziwa, hakuna hata kimoja tulichokiandika kwenye orodha yetu kilichokuwepo, hata baiskeli. Mwisho Spoki akaweka pedi mezani taratibu kama chombo cha watu, akasema, "Sikujua kwamba nilikuwa nangoja hiki." Akaenda zake bila kumaliza chai. Baadaye wiki ile alinionyesha kwenye simu yake wanayoyaandika watu. Ni wengi mno, mwanangu, na wengi wao ni wale wale waliotia sahihi. Mmoja anasema ni dereva wa lori, ameegesha gari pembeni ya barabara ili ashuke tena kijijini. Anasema ameacha kuchora.

Sasa la dada.

Jumatatu asubuhi alikuja. Hakupiga hodi. Alivua viatu, akaketi kwenye kochi palepale anapolala nesi, akasema, "Washa." Nikawasha. Pedi hakuitaka, basi nikamtembeza mimi. Tulipovuka mstari alivuta mtandio kichwani. Akawa ananielekeza: shuka hapo, pinda kushoto, polepole kuna shimo. Lilikuwepo. Tukapita kinuni, tukapita kisimani. Kila kizingiti alisema nani alikaa pale, kwa sauti ya kawaida kabisa, mpaka tukafika hamsini na mbili.

Nikasimama nje. Sikuingia. Akasema, "Ingia, leo nipo."

Tukaingia. Akaniambia nisogee jikoni, nigeuke nitazame nje. Nikageuka. Pale mbele kilikuwa kilima cha mashariki, nusu yake imefichwa na kilima kidogo kilicho mbele yake, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango.

Dada akainuka. Akauliza, "Nani kamwambia mtoto kwamba kutoka jikoni kwangu kilima kile kinaonekana nusu?"

Nikamwambia hakuna. Sikukiandika popote, sikuwahi kukiona. Siku ile nilikuwa nimeinamisha macho. Nikamwambia sakafu ikiwa kwenye kimo chake, na vilima vikiwa kwenye vimo vyake, basi vinaonekana vinavyoonekana. Vipimo vilikuwa sahihi.

"Vilikuwa sahihi," akasema. Sijui kama lilikuwa swali.

Kisha akanyoosha mkono, akanitoa pedi mkononi. Hakuwa amewahi kuishika. Aligonga vizingiti, akatazama mbinguni, akatazama miguu, akanikataza kumsaidia. Mwishowe akajua. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea kushoto nusu hatua, kilima kikakaa anapotaka yeye. Hapo akaacha vitufe. Alisimama hivyo tangu saa nne mpaka adhuhuri, wingu likipita juu ya kilima na kivuli kikipita sakafuni, nami nimekaa kando yake sijui nishike wapi. Mwanangu, nimepima nchi hii mlima kwa mlima, na nilikuwa sijaona mtu akitazama kitu namna ile.

Hajaniambia amenisamehe. Wakati wa kuvaa viatu aliuliza kesho naamka saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili. Akasema atafika saa moja, na nisiwashe bila yeye.

Shangazi yako